Kuinama Mara Tatu

Mama Sabuni alikuwa dobi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko dawa ya madoa. Mtaa mzima ulimletea nguo. Alizifua kwa maji ya kisima kilichokuwa pembeni mwa uwanja mtupu nyuma ya kiwanda cha betri, pale ambapo majani hayaoti na hata kuku hawapekui.

Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa akitetemeka mikono. Hospitali walisema ni sumu ya madini ya risasi. Kiwanda kikaapa hakijafukia kitu uwanjani, na afisa wa mazingira akasema asipoonyeshwa ushahidi Jumamosi, faili analifunga. Analifungaje, na mtoto anamwaga chai kila asubuhi?

Ndipo mwalimu wa ngoma alipokuja na wazo lake: watu wacheze palepale uwanjani, mbele ya afisa, kila mmoja alete mwendo wa marehemu wake aliyefanya kazi kiwandani, huenda miguu ikakumbuka kilichofichwa.

"Mwanangu, kiuno changu kilishastaafu," Mama Sabuni alimwambia.

"Mama, leta unachokumbuka tu."

Alichokumbuka kilimsisimua mwili. Mumewe alikuwa mchimba mitaro wa kiwanda kilekile. Siku zake za mwisho alikuwa akiinuka kitandani mchana kweupe, macho wazi lakini haoni mtu, anatembea uani. Hatua kumi na mbili, anageuka, anainama. Saba, anainama. Tisa, anainama huku analia. Akiulizwa, kimya. Mama Sabuni alidhani ni homa.

Jumamosi ngoma zikalia. Afisa alikuwa anapiga miayo. Mama Sabuni alianzia mlango wa nyuma wa kiwanda, alikokuwa akitokea mumewe kila jioni. Mara mguu wake wa kulia ukaanza kuburuta, vilevile alivyokuwa akiburuta marehemu, na wala hakuwa ameuambia uburute. Hatua ya kumi na mbili, ardhi ikalia du! Mpiga ngoma akaacha kupiga.

Akainama. Fundi ujenzi mmoja wa mtaani akachimba pale kwa sururu, na haukupita muda likaonekana pipa lenye kutu na nembo ya kiwanda. Afisa akafuta jasho.

"Tumewapata!" watu walipiga kelele.

Mama Sabuni hakushangilia. Aliona aibu: kumbe yule mtu wake ndiye aliyefukia, akala kiapo cha siri, akafa nacho.

"Mama, basi, inatosha," mwalimu alimshika mkono.

"Bado. Alikuwa akiinama mara tatu."

Hatua saba, pipa la pili. Akageuka, mguu ukiburuta, watu wakimpisha. Moja, mbili, tatu... Alijaribu kusimama kwenye ya sita, miguu ikamkatalia.

Ya tisa ilimfikisha ukingoni mwa kisima. Akainama, akauona uso wake ndani ya maji, na nyuma yake sauti ya mjukuu ikamwita, "Bibi?"

Kila mtu akazitazama nguo alizovaa, zilizofuliwa kwa maji yale. Akina mama wakaanza kuwavua watoto mashati, mmoja baada ya mwingine.

Mjukuu alikuwa amevaa gauni jeupe. Bibi yake alikuwa amelifua siku iliyotangulia, na kwa kuwa lilikuwa la mtoto, alilisuuza mara mbili.