Ubao Kati ya Meza

Ofisi ile ya kutoa mizigo bandarini ilikuwa ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Niliibunia meza za kuunganisha vipandevipande, na kati ya meza na meza nikaweka ubao wa kutenganisha ili kila mtu apate utulivu. Siku ya kukabidhi wote walifurahi, isipokuwa mama mmoja mtu mzima aliyeshughulikia nyaraka.

“Shikamoo mama. Meza ina tatizo?”

Alinitazama mdomoni. “Marahaba, mwanangu. Meza nzuri. Ila masikio yangu hayasikii, watu nawasoma midomo. Sasa siwaoni.”

Nilinyong'onyea. Nilikuwa nimefika pale mara tatu kupima kuta, na sikumuuliza mtu yeyote anafanyaje kazi. Bahati nzuri mbao zile zilichomekwa tu, bila skrubu. Nikachomoa mbili, tukaigeuza meza yake iwaelekee wenzake.

Mwenzake wa upande wa pili akamuuliza, bila kupaza sauti, “Mama, chai ya rangi au ya maziwa?”

“Ya maziwa,” akajibu papo hapo, “na andazi usilisahau.”

Wakacheka. Mimi nilishusha pumzi, nikabeba mbao zangu mbili kuteremka ngazi, wala sikusikia uzito.