Karani Alinifanya Panya

Jamani, leo nimebadilishwa mnyama kazini.

Hapa Blacktown, huku ughaibuni, namhudumia bibi mmoja wa Kichina, Bibi Mei. Ukutani ana kalenda ya kwao, kila mwaka na mnyama wake.

Asubuhi namfunga vifungo vya sweta, akaniuliza nimezaliwa lini.

Nikamjibu kama pasipoti inavyosema: tarehe mbili Februari, themanini na tano.

Akahesabu kwa vidole. "Mwaka mpya wetu ulikuwa haujaingia. Wewe ni panya."

Panya! Mimi, mtoto wa Tanga!
(Msicheke.)

Saa ya chakula cha mchana huku nikampigia mama Tanga, kule ndio kwanza kamaliza kuswali alfajiri.

"Februari ipi? Wewe nimekuzaa mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Karani wa vizazi kasikia 'pili', kaandika Februari."

Miaka yote hii nakata keki siku ya karani.

Nikatafuta kwenye simu: mfunguo pili wa mwaka ule ulianza Julai. Nikarudi kwa Bibi Mei, nikamweleza kuwa na sisi miezi yetu huandama.

Akanishika mkono, akacheka mpaka machozi. "Kumbe sote twahesabu kwa mwezi! Basi wewe ni ng'ombe."

Haya, watu wa Pwani, hapo nimepandishwa cheo au nimeshushwa? Semeni.

Nikamwandikia mama: Nimekuwa ng'ombe.

Kajibu papo hapo: "Mbona mimi nakuita hivyo tangu mdogo, na ulikuwa ukininunia?"