Kelele Ndani ya Deki ya Bi Salma

Nichekeni tu, lakini nisikilizeni mpaka mwisho, maana kila nkipita uchochoroni Malindi, hapa hapa Unguja, na begi langu la bisibisi uso unanishuka, na wake zenu nyote washakijua kisa hiki, kwa hivyo bora na nyinyi mkisikie kwangu mwenyewe.

Bi Salma wa huko Malindi ana deki kubwa nyeusi, ile ya zamani ya kupakia CD tatu, aliyoileta marehemu mumewe kutoka Arabuni wakati mie bado nnakimbia pekupeku. Kabla ya Ramadhani akanipigia simu, deki ina miaka haijawashwa, na sasa kila akiiwasha inakoroma, krrr, krrr, na yeye anaitaka kwa harusi ya mjukuu wake, Nasra, masika yakisha. Nkaichukua mpaka kwangu Mpendae, nkaiweka juu ya meza (mke wangu akanuna, ndiyo meza yetu ya kulia), nkaanza kazi. Nkadhani ni lenzi, nkaifuta, wapi. Nkadhani ni mota, nkatia tone la mafuta ya cherehani, wapi, inakoroma vile vile. Siku ya tatu hasira zikanipanda, nkaifungua mpaka trei nkaing'oa, na huko chini kabisa nkakuta CD imeteleza nyuma ya trei, imelala upande, trei ikizunguka inaikwaruza. Nkaitoa kwa vidole viwili. Kimyaa!

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema, Bi Salma, CD yako hii hapa, ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele. Mie nkaona haya. Fundi mzima, miaka ishirini kazini, siku tatu nnahangaika na mota, kumbe dawa yake ni kutia vidole tu? Nkampelekea deki yake nkamwambia, "Beringi ilikuwa imekufa Bi, nshatia nyengine." Akaniombea dua ndefu, nami nkaitikia amin bila ya haya. Ile CD ilikuwa haina jina wala alama, imechubuka pembeni, nkaona takataka, nkaitundika kwa uzi juu ya banda la kuku, maana kunguru walikuwa hawatuachii kifaranga. (Na walikimbia kweli, kwa hilo sisemi uongo.)

Siku ya harusi nkaitwa kuunga spika. Alasiri, nyumba imejaa wanawake, mie nnapita macho chini, "Fundi anapita, jistirini jamani," nkaunga waya, nkatia CD ya kasida, sauti ikatoka safi kabisa. Wakanisifu, na mie nkavimba kichwa, nkajifanya nnakaza waya uliokwisha kazwa ili nsifiwe tena. Laiti ningeondoka.

Bi Salma akaja pale kwenye deki, kamshika mkono Nasra, keshapambwa. "Mwanangu, ulipoifungua deki, hukukuta CD humo ndani?"

"CD gani, Bi?"

"Ya Rahma."

Rahma ni bintiye, mamake Nasra. Alifariki Nasra hajatimiza miaka mitatu. Alikuwa akisoma kasida watu hulia, na siku moja kwenye Maulidi walimrikodi, ikatoka CD moja tu.

"Nshapekua makabati, magodoro, mpaka mitungini," akasema Bi Salma. "Nkidhani kaazima mtu. Leo alfajiri ndo nkakumbuka, mara ya mwisho tuliisikilizia humu, na tangu afe sikuiwasha tena deki. Mtoto huyu haikumbuki sauti ya mamake. Kaniomba hicho tu, aisikie kabla hajenda kwa mumewe."

Wanawake wote wakanigeukia. Nshajua ni ile ya bandani, wallahi, lakini ulimi ukatangulia: "Sikuona kitu, Bi." Nasra akanitazama, akauliza polepole, "Hata kipande, fundi?" Nkasema nnarudi sasa hivi, nkapanda Vespa yangu mbio mpaka Mpendae.

CD ilikuwepo, inazunguka kwenye uzi wake. Masika mazima imenyeshewa na kupigwa jua, utando wa fedha umebanduka, imebaki plastiki tupu, naitazama nawaona kuku upande wa pili. Nkalia pale pale bandani, mtu mzima mie.

Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia mbele ya wanawake wa mtaa mzima. "Bi Salma, hapakuwa na beringi iliyokufa. Kelele ilikuwa hii." Shangazi mmoja akaushika ule uzi, sikuwa nimekumbuka kuufungua, akayaona na mavi ya kuku. "Lahaula! Sauti ya marehemu ukatishia kunguru?" Hakucheka hata mmoja.

Nasra akaichukua, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake wa harusi, akaitia kwenye trei kwa mkono wake. Ikazunguka. "Ongeza sauti, fundi." Nkaongeza. "Ongeza tena." Nkaongeza mpaka mwisho, naye kaegemeza sikio kwenye spika, na deki kimya, haikoromi wala haisemi. Akakaa vile muda mrefu, kisha akaizima mwenyewe. "Basi, Bibi."

"Usilie, wanja utaharibika," Bi Salma akamwambia, na yeye mwenyewe machozi yanamtiririka. Akanigeukia mie. "Kunywa juisi kabla hujenda, mwanangu." Angenitukana ningepona.

Tangu siku hiyo nimeapa, nkikuta kitu ndani ya chombo cha mtu, hata mende mkavu, nnakitia mfukoni nnamrudishia mwenyewe, na nkisema kimeharibika nini basi ndicho hicho kilichoharibika. Mafundi wenzangu wananicheka, na wacheke.

Wiki iliyopita Nasra alikuja kwangu na redio ya mumewe. Akanisalimu vizuri, hana kinyongo, akaiweka mezani. "Hii inakwaruza tu sauti," akasema. "Ndani hamna kitu, fundi, nshaifungua nkatazama mwenyewe."