Novatus na tela la mama mkwe lililogoma kupanda mlima

Saa moja asubuhi, siku ya gulio, Novatus Nyandwi amelala chali chini ya pikapu yake kijijini Mugoma, wilayani Ngara. Inaonekana miguu tu. Anagonga springi ya kushoto kwa spana, anasikiliza, kisha anagonga ya kulia na kusikiliza tena.

Springi hazina tatizo lolote na yeye analijua hilo. Ukweli ni kwamba amejificha.

Hatua chache kutoka ilipo miguu yake amesimama mama mkwe wake, Mama Rozalia, mwenye umri wa miaka 62, katika kitenge kipya na kilemba cha rangi ileile. Nyuma ya pikapu limefungwa tela lake: nyumba ndogo ya bati jeupe, madirisha mawili, mlango mmoja, na pazia la maua ya bluu. Leo ni mara ya tatu Novatus anajaribu kulitoa Mugoma alifikishe Kaniha, wilayani Biharamulo. Mara mbili zilizopita limemtia aibu mbele ya kijiji kizima.

"Nikishindwa leo, kazi anapewa Kwandu," anasema kutoka uvunguni kwa sauti ya chini. "Mtu akinyang'anywa kazi na mama mkwe wake, anahamia wapi?"

Kwandu ni jirani wa Mama Rozalia huko Kaniha, mwenye lori la kubebea ng'ombe. Ameshatangaza kwamba yeye hatahangaika kulivuta hilo tela. Atalipakia tu mgongoni, katikati ya ng'ombe.

Novatus, mwenye miaka 43, anaishi kwa pikapu hiyo nyeupe ya kabini moja. Husomba ndizi, kahawa, mabati ya wanaojenga na magodoro ya maharusi. Siku ikiwa nzuri, akishatoa mafuta, anabaki na shilingi elfu kumi na tano. Siku ikiwa mbaya, anabaki na gari.

Ana mabinti watatu shuleni na mdogo wao bado yuko mgongoni. Kwa hiyo mama mkwe aliposema anatafuta dereva wa kulivuta tela kwenye magulio matatu kila wiki, mwaka mzima, Novatus hakulala kwa furaha.

Tela lenyewe lina historia ndefu kuliko ndoa yake. Lilikuja miaka ya tisini, kambi za wakimbizi za Lukole zilipofurika watu, na ndani yake alikuwa akilala daktari mmoja mgeni. Kambi zilipofungwa daktari akaenda zake, tela likaangukia uani kwa mkulima mmoja, na kwa miaka mingi wakazi wake walikuwa kuku.

Mama Rozalia aliliona mwaka jana alipokuja kumwona mjukuu mchanga. Binti yake Suzan, ambaye ni mke wa Novatus, anasema mama aliuliza bei ya tela kabla ya kuuliza jina la mtoto.

"Nimepika kwenye magulio miaka ishirini," Mama Rozalia anajitetea. "Mvua ya Biharamulo imeninyeshea kichwani, imeninyeshea ugali, imeninyeshea wateja. Sasa nataka inyeshee bati, mimi niwe ndani."

Alipolinunua, amri yake ya kwanza ilikuwa king'olewe choo kidogo kilichokuwa pembeni. Alisema hakuna mteja atakayekula maharage yake akijua kwamba kulikuwa na choo humo. Mahali pake pakawekwa jiko la chuma la kuni lililochomelewa Ngara mjini, zito kiasi kwamba lilibebwa na wanaume wanne na mmoja wao akapumzika siku mbili.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia, ingawa siku ile hakuna aliyejua.

Ili kuyaelewa, msomaji lazima ajue wanavyoishi wawili hawa. Katika familia ya Mama Rozalia, mkwe na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali chungu kimoja, na wala hawaketi bega kwa bega. Hata kuongea hawaongei moja kwa moja. Neno lolote lazima lipitie kwa Suzan, hata kama wote watatu wako chumba kimoja.

"Suzan, mwambie mama shikamoo," husema Novatus akiwa ameangalia ukuta.

"Mwambie marahaba," hujibu Mama Rozalia akiangalia ukuta mwingine.

Suzan amezoea. "Mimi ni simu yao mwaka wa kumi na mbili huu," anasema. "Na hakuna hata mmoja anayeniwekea vocha."

Sasa, katika pikapu ya kabini moja kuna viti viwili tu. Mama Rozalia asingeweza kuketi pembeni ya mkwe wake. Basi kilitolewa kiti cha sebuleni, kile chenye mikono na mto, kikawekwa kwenye bodi nyuma. Na kwa kuwa alitaka kulilinda tela lake kwa macho yake mwenyewe, aliamuru kiti kikae mkiani kabisa, kikilitazama tela.

Novatus si mzembe. Alishaona bati dogo la kiwandani mlangoni mwa gari lake, lenye tarakimu za uzito, akampelekea swali fundi Rwekaza wa Ngara mjini, ambaye alimjibu kwamba pikapu ile inaweza kuvuta tani moja na nusu. Kwa hiyo aliamua kila kitu kipimwe. Siku mbili kabla ya safari ya kwanza walibeba vyombo vyote hadi ghala la chama cha msingi cha kahawa, ambako karani wa mizani, Danstan, alikubali kuwasaidia baada ya kuahidiwa chakula.

Likapimwa jiko. Yakapimwa masufuria, mabenchi, magunia ya unga, kuni na madumu ya maji. Kikapimwa hata kiti cha sebuleni pamoja na mto wake.

"Na mwenye kiti?" Danstan aliuliza.

Suzan alimwangalia kwa jicho ambalo Danstan anasema analikumbuka mpaka leo. Novatus aligeuka kuangalia magunia ya kahawa. Mkwe gani anayeuliza uzito wa mama mkwe? Swali likafia hapohapo ghalani.

Hesabu ilitoka vizuri. Uzito wa tela tupu ulikuwa umeandikwa ubavuni kwake; ukijumlishwa na vilivyomo, tani moja na robo. Novatus akaona amebakiwa na nafasi, akalala usingizi mzuri wa mwisho kwa wiki hiyo.

Safari ya kwanza iliishia kwenye mlima wa kutokea Mugoma. Walipofika katikati, pua ya pikapu ilianza kunyanyuka. Novatus alikata sukani kulia, gari likaendelea kunyooka. Akakata kushoto, likaendelea kunyooka vilevile.

"Sukani ilikuwa nyepesi, haina habari na barabara," anasimulia. "Nikaangalia kioo cha ndani. Namwona mama, mwavuli juu, anawasalimia watu pande zote mbili. Nikasema, Mungu wangu, ninajua tatizo liko wapi na sina mdomo wa kulisema."

Alisimamisha gari, vijana wakaweka mawe kwenye magurudumu.

"Suzan, mwambie mama gari lina kikohozi," akasema.

"Mwambie alinyweshe dawa," likaja jibu kutoka mkiani.

Badala ya dawa, Novatus akatumia akili. Aliona kama hawezi kumsogeza mama, basi atasogeza vitu. Wiki iliyofuata alilihamisha jiko na magunia yote hadi nyuma kabisa ya tela ili shingo yake, ile sehemu inayoshikana na pikapu, iwe nyepesi. Mlima wakaupanda bila shida. Watu wakapiga makofi.

Makofi yalikoma kwenye mteremko. Tela lilianza kuyumba kushoto na kulia, kidogo kidogo, kisha kwa bidii. Waliokuwa barabarani wakaingia migombani na mizigo yao. Mama Rozalia, akiwa amekishika kiti kwa mikono miwili, aliliona tela lake likimpita upande huu, likirudi, likimpita upande ule.

Lilipotulia, alikiachia kiti mkono mmoja mmoja. Kisha akasema, "Suzan, mwambie mkwe wangu mimi nilinunua jiko, sikununua mcheza ngoma. Jumamosi lisipofika Kaniha, nampa Kwandu."

Novatus anakiri kwamba usiku huo machozi yalimlengalenga. Hakuwa na hasira na mama mkwe. Alimwonea huruma yeye na vyungu vyake, akajionea huruma na yeye mwenyewe.

Alhamisi fundi Rwekaza aliitwa kutoka mjini. Aliomba kila mtu akae kama anavyokaa safarini. Mama Rozalia akapanda kitini, akafungua mwavuli. Rwekaza akalizunguka gari mara mbili, akachuchumaa, akaangalia springi za nyuma zilivyojikunja.

Akaeleza kwa utulivu. Tani moja na nusu ni ya gari tupu. Kila unachokipakia kwenye pikapu kinapunguza kile unachoweza kuvuta. Shingo ya tela ikilemea mno, pua ya gari inanyanyuka. Ikiwa nyepesi mno, tela linayumba. Jiko likae juu ya magurudumu ya tela, mbele kidogo, shingo ibebe kama sehemu moja kati ya kumi ya uzito wa tela. Na nyuma ya ekseli inayobeba magurudumu ya nyuma ya pikapu pasikae kitu.

"Kwa sasa," akamalizia, akikohoa, "kuna mzigo mmoja umekaa pabaya."

Suzan aliangalia viatu vyake. Novatus aliangalia mawingu, akayaona yote.

Mama Rozalia alifunga mwavuli. Akashuka bila kusaidiwa, akavuka barabara, akaingia ghala la kahawa na kupanda juu ya mizani.

"Soma," akamwambia Danstan. "Na usome kwa sauti, maana kuna watu wana wiki mbili wanaogopa kuuliza."

Danstan akasoma. Mama akashuka, akajitengeneza kilemba.

"Suzan, mwambie mkwe wangu mimi ni gunia moja la mahindi kasoro nusu debe. Nimeuza mahindi maisha yangu yote, sijaona gunia lililokasirika kwa kupimwa. Sasa anipakie panapofaa."

Panapofaa palikuwa mahali pamoja tu, kiti cha mbele, pembeni ya dereva. Novatus alitaka kukataa. Ni Mama Rozalia mwenyewe aliyekata shauri: akatoa kitenge sandukuni, kikafungwa kutoka kwenye paa la kabini hadi chini, katikati ya viti viwili. Wakaacha tundu la gia tu. Suzan atafuata kwa bodaboda. Bodi ya pikapu itabeba hewa.

Na hivyo tumerudi asubuhi hii, kwa Novatus aliye uvunguni.

Anatoka hatimaye, anajipangusa mikono na kuingia upande wake. Anasikia mlango wa pili ukifungwa na kiti kikilia. Kitenge kinatikisika, kinatulia. Anawasha gari.

Mlimani pua ya pikapu inabaki chini na sukani inamsikiliza. Tela linafuata taratibu. Katikati ya mlima, pale lilipogomea mara ya kwanza, Novatus anaangalia kioo cha kushoto na kugundua kitu ambacho si yeye, si Suzan wala Rwekaza aliyekifikiria. Kioo cha kushoto hakionekani. Kitenge kimekiziba.

Kona inakaribia. Anapunguza mwendo. Upande ule wote ni maua ya kitenge.

"Kushoto kuna baiskeli ya ndizi," inasema sauti.

Novatus anasubiri Suzan amfikishie ujumbe. Suzan yuko kwenye bodaboda, mita hamsini nyuma.

"Mkwe," inasema sauti tena, "nimesema kushoto kuna baiskeli ya ndizi. Njoo kulia kidogo."

"Ndiyo, mama," anajibu Novatus.

Ni maneno ya kwanza kusemeshana katika miaka kumi na miwili. Ya pili yanafuata kabla kona haijaisha. Kufika barabara kuu ya malori yaendayo Rusumo, Mama Rozalia ameshamwelekeza gia, ameshamkosoa honi, na ameshamuuliza kwa nini binti wa kati hapendi hesabu. Novatus anajibu kila swali. Kuna pahala kitenge kinacheka, naye anacheka.

Wanaingia Kaniha mchana, gulio limechangamka. Dirisha la tela linafunguliwa, moshi unapanda, na mteja wa kwanza kusogea ni Kwandu. Anakula sahani mbili akiwa amesimama, hasemi lolote kuhusu ng'ombe.

Novatus sasa ana kazi ya magulio matatu kwa wiki. Ana ndoto ya pikapu ya kabini mbili, ambamo mama mkwe ataketi nyuma kwa heshima zake zote, bila pazia. Hiyo ni ya baadaye, Mungu akijalia.

Kwa sasa kuna njia rahisi zaidi. Rwekaza amemweleza kwamba pale Benaco, kwenye barabara ya malori, wanauza vioo vyenye mkono mrefu, vinavyochomoza mbele ya gari. Akifunga kimoja ataona kushoto mwenyewe, kitenge kiwepo kisiwepo, na hatahitaji kuambiwa na mtu. Bei yake si kubwa.

"Nitakinunua," anasema Novatus, akikinyoosha kitenge vizuri kwa ajili ya safari ya kurudi. Anafikiri kidogo. "Lakini siyo mwaka huu."