Nililisha wapinzani mbuzi mbele ya mashi ya mupira kuanza, ili wasikimbie, sasa kiti yangu iko Buleusa

Wakuu wa jukwaa, habari zenu huko muliko. Mimi niko hapa Nyabiondo, Masisi. Yenye nitaandika nimeiona na macho yangu yote mbili, sijaongeza chumvi. Chumvi yote iliisha kwa maharagi, mutaelewa mbele.

Kwanza mujue mimi ni muntu mwenye kitu haiwezi kumushangaza.

Nimeona moto, ile pikipiki, inabeba ngombe. Nimeona muntu anauza shamba ya jirani yake, na jirani amekaa pale pale anasaidia kupandisha bei. Nilisema tu "ee" nikaendelea na safari.

Shule nilikoma mwaka wa tatu wa primaire, kwa sababu mwalimu alikuwa anachelewa kuliko mimi. Nilianza biashara na debe moja ya maharagi, tena debe ya kuazima. Leo niko na depo yenye bati mupya, moto tatu zenye kutembea na moja yenye kupumzika. Watu wanatumia nyumba yangu kuelekeza wageni njia. Sijivuni, nasema tu yenye iko.

Na juu ya yote hiyo, mimi njo prezida wa klabu yetu ya mupira, FC Ngurumo.

Wakuu, kuwa prezida wa klabu huku kwetu si mchezo. Prezida njo ananunua balo ya kupiga. Prezida njo anashona nyavu. Mchezaji akivunjika kidole, mama yake anakuja kulia kwa prezida. Lakini mashi ikianza, prezida anakaa kwa kiti, kando ya kiwanja, na watu wote wamesimama.

Kiti yangu ni ya plastiki, rangi ya bulu, yenye mikono. Niliinunua Goma, nikaifunga nyuma ya moto mpaka huku, na barabara munaijua. Hakuna mwengine anaikalia. Hata mbuzi wa kijiji wanajua.

Siwadanganyi, nilikuwa napenda ile kiti kuliko vitu vingi nilivyo navyo.

Sasa, kulikuwa na timu moja ya Walikale, FC Chui ya Pori, ya Buleusa. Wale vijana wanakulia kwa kupanda na kushuka katika pori, wanawinda, wanalima, wanabeba mizigo. Mapafu yao si ya kawaida. Walitupiga kwao. Wakatupiga tena kwao. Mara ya tatu ilikuwa waje kwetu, siku ya mungu, jumapili, kisha misa kuisha.

Komite ikakaa. Mama Sifa, makamu wangu, mwenye anauzaka sombe, majani ya muhogo, pale sokoni na sauti yake inafika kwa kilima cha pili, akasimama.

"Papa Prezida," akasema, "tunakuheshimia. Lakini Chui wakitupiga hapa kwetu, mbele ya watoto wetu, ile kiti utamupa mwengine. Utasimama kwa jua pamoja na sisi, uangalie mupira na miguu."

"Na nani atakaa?"

"Sijasema ni mimi," akasema, na tayari alikuwa anaiangalia.

Wakapiga kura ya mikono. Mikono yote ikaenda juu. Hata ya kocha wetu, Janvier, mwenye nilimupa kofia.

Nilirudi nyumbani, nikafikiri kabisa. Timu yetu niliijua. Gardien wetu, mwenye kulinda goli, wanamuita Kisiki, na hawamuiti hivyo kwa mapenzi. Ku-gagner Chui, kuwashinda na miguu, ilikuwa haiwezekani. Ilibaki akili.

Mwenye hajui desturi ya huku, nimuelezee. Timu yenye inapokea wageni njo inawalisha. Mashi ikiisha, mumepigana, mumetukanana, sasa munakaa pamoja munakula bugali. Iko hivyo tangu wazee. Mwenye hakulisha wageni, jina lake linaharibika mpaka mbali kule Ngungu.

Mimi nikajiuliza: nani alisema lazima iwe kisha mashi?

Hapo njo akili ilipoingia. Hawa watu watatoka Buleusa mapema, watatembea, watapanda moto, moto itakwama, watatembea tena. Watafika na njaa ya kumeza sufuria. Nikiwapa mbuzi muzima, maharagi yenye mawese, sombe na bugali ngumu, nani kati yao atakimbia?

Niliambia Janvier peke yake. Akajikuna.

"Prezida, hii iko fair-play kweli?"

"Kulisha mugeni njo fair-play ya kwanza," nikamujibu. Munaona, shule haifundishi kila kitu.

Siku ikafika. Mama Sifa na wamama wengine walipika tangu mapema, nyuma ya depo yangu. Nilisimamia mimi mwenyewe. Kila mara walisema maharagi inatosha, nikasema ongeza. Harufu ya ile mbuzi ilifika kanisani, padiri akafupisha mahubiri.

Chui wakafika na vumbi mpaka kwa kope za macho. Prezida wao ni Papa Muhindo, muzee mufupi, mwindaji wa zamani, hasemi sana. Nikamukumbatia. Nikawakalisha kwa mikeka. Sahani zikaja, moshi unatoka. Papa Muhindo akaomba, wakasema amina.

Na hakuna mwenye alinyoosha mukono.

"Karibuni," nikasema.

Wanaangalia nyama, nyama inawaangalia.

"Papa Prezida," Papa Muhindo akasema polepole, "mwenye nyumba anaonjaka kwanza."

Hapo hakukosea. Kwetu huku, ukimupa muntu hata soda, unaifungua mbele yake na unakunywa kidogo, ajue hakuna kitu ndani. Basi nikachukua kipande cha nyama, nikatafuna, nikacheka. "Munaona? Niko muzima."

Akatikisa kichwa. "Wewe hauchezi leo. Ita wachezaji wako. Wakule na sisi, kila mumoja na mwenzake, sahani moja."

Wakuu, macho yangu ikaenda kwa lupango, ule uzio wa nyuma.

"Wachezaji wangu wameshakula," nikasema.

Hiyo ilikuwa uongo, na wachezaji wangu walikuwa nyuma ya lupango wanasikia. Walikuwa wanavuta harufu ya ile mbuzi tangu mapema bila kugusa kitu. Kisiki akapiga kelele kutoka kule: "Prezida, hatujakula tangu jana."

Na wakaingia. Sijawahi kuona FC Ngurumo inaingia mahali na mbio ya namna ile. Kama wangeingia hivyo kwa surface ya wapinzani, mbele ya goli yao, mimi singekuwa naandika huu uzi.

Walikaa kwa namba. Gardien na gardien, kapitene na kapitene. Sahani moja, mikono miwili inashindana. Namba tisa wetu na beki wao, mwenye alimupigaga kiwiko kule Buleusa, walikuwa wanagombania shingo ya mbuzi na heshima kubwa.

"Chukua wewe, kaka."

"Hapana, wewe mwenye kiwanja."

"Basi tukate."

Mama Sifa akaja kwangu na mwiko mukononi. "Prezida, kwa nini watu wetu wanakula mbele ya mashi?"

"Ni urafiki, mama."

"Urafiki gani unaombaka maharagi yote hii?"

Akaniangalia sana, kisha akawaongezea. Muntu wa kupika akiona watu wanakula vizuri, anasahau siasa.

Hata arbitri, mwenye filimbi, alikula. Nilimuona anafungua mukaba tundu moja, kisha ya pili.

Sasa turudi kwa mupira. (Wenye wataomba picha: picha hakuna, simu yangu ilikuwa kwa chaji sokoni.)

Arbitri alipiga filimbi ya kuanza, na hakuna mwenye alianza. Kapitene wao alisukuma balo kidogo, akaisindikiza kama muntu anasindikiza mugeni. Wetu akamupokea. Wakaongea kidogo. Watoto wa kijiji, wenye walipanda miti kuona vita, wakaanza kushuka.

Kisha kukakuwa coup franc yetu, mupira wa adhabu, karibu na goli ya Chui. Wakajipanga wane kufanya ukuta. Wakasongeana kabisa. Mumoja akaangalia mwenzake. Mwenzake akaangalia mawingu. Mara moja ukuta yote ikatawanyika, kila mumoja na njia yake, na balo haijaguswa.

Maharagi yenye mawese ilikuwa imeanza kuongea.

Goli ilikuwa wazi kabisa. Lakini mupigaji wetu alikuwa ameshika pua, naye hakupiga.

Nilisimama kwa kiti yangu nikapiga kelele: "Piga, weye, piga." Namba tisa akapata balo, peke yake, gardien wao ameegemea muti wa goli, macho nusu. Nikaona kiti yangu inabaki yangu. Akainua muguu. Na akashika tumbo, akaanguka chini, akajikunja sawa kiwavi.

Beki wa Chui, ule wa kiwiko, akafika. Balo iko pale, uwanja wote wazi mbele yake. Akaangalia balo, akaangalia muntu mwenye walikula naye shingo. Akapiga balo inje. Kisha akapiga magoti, akaanza kumusugua tumbo.

Watu walipiga makofi mpaka mimi mwenyewe nikajikuta nimepiga.

Tukarudisha balo mu kiwanja, wetu wakawapa Chui, kwa heshima. Chui wakasema hapana, chukueni. Wetu wakasema hapana kabisa, ni yenu. Wakuu, walibishana pale mpaka mashi ilikuwa karibu kuisha. Sijui ilikuwa adabu ao hakuna mwenye alitaka kukimbia nyuma yake. Nadhani ni yote mbili.

Zero kwa zero.

Nikakaa tena kwa kiti, nikajinyoosha. Sijapigwa. Nikamuchekea Mama Sifa.

Lakini yeye alikuwa ameinama kwa Janvier, mwenye alikuwa amelala kwa majani kwa sababu naye alikula bila akili. Janvier alikuwa anamuungamia kila kitu, sawa muntu mbele ya padiri. Nikaona uso wa Mama Sifa unageuka.

Akakuja na komite yote nyuma yake, na Chui wote wanasikia.

"Prezida. Ulitaka kufunga wageni miguu na chakula? Chakula yenye mimi nilipika?"

"Mama, tuongee nyumbani."

"Tutaongea hapa. Toka kwa kiti."

Nikashika mikono ya kiti, nikaanza kunyanyuka.

Papa Muhindo akakohoa.

"Mama, mumuache," akasema. "Sisi tulijua."

"Mulijua nini?"

"Nani anachinja mbuzi mbele ya mashi? Nilipoona ile sufuria nikaambia vijana wangu, huyu muntu anatufunga miguu. Njo maana niliita wachezaji wake. Mutego nikiuona, sipiti peke yangu, napita na mwenye aliutega."

Chui wakaanguka na kicheko. Hapo njo nilishangaa, wakuu. Naandika wazi, mimi, mwenye kitu haiwezi kumushangaza.

Akaendelea: "Lakini sikilizeni. Tunatembeaka kucheza. Kuna mahali walitupa mawe. Kuna mahali walitoboa pneu, tairi ya moto yetu, tukalala barabarani. Hakuna mahali walitukalisha kwa mukeka na adui wetu, sahani moja. Roho ya huyu papa ilikuwa mbaya. Nyama ilikuwa nzuri. Vijana wangu watakumbuka nyama."

Kisha akanigeukia: "Tunakuomba ukuwe prezida d'honneur, wa heshima, wa Chui ya Pori."

Sikungoja amalize. Nilisema ndiyo alipofika kwa "prezida".

Mama Sifa akacheka mara ya kwanza tangu siku ile ya komite. "Sawa. Prezida wa timu mbili. Basi Chui nao atawavalisha, si njo kazi ya prezida?" Wote wakapiga makofi. Niliangalia jezi za Chui, zenye mashimo ya kupitisha kuku. Ningesema nini mbele ya watu wote wale.

"Na tena," akasema Mama Sifa, "prezida hawezi kuenda Buleusa akakosa mahali pa kukaa. Hapa kwetu tunamujua, anaweza kusimama. Kule ni mugeni."

Kabla sijaelewa, Kisiki, mwenye hakushika balo hata moja siku ile, alikuwa ameshika kiti yangu. Yeye na gardien wa Chui wakaifunga nyuma ya moto na kamba, vizuri kabisa, sahani moja ilikuwa imewafanya ndugu. Niliiona inapanda kilima, miguu juu, mpaka ikapotea.

Mashi ya kurudiana itakuwa kwao. Wamesema watatulisha mbele, sahani moja, na kiti iko pale inaningoja. Hapa Nyabiondo nasimama kwa jua na wengine. Nimejua sasa kwamba ukisimama unaona mupira vizuri zaidi, lakini musimuambie Mama Sifa.

Yenye nimejifunza: kama unataka timu mbili ziheshimiane, walishe pamoja mbele ya mashi, si kisha. Ni ngumu kumupiga kiwiko muntu mwenye munaombana chumvi. Hiyo ni akili yangu, kila timu inaweza kuitumia bure, ila mupunguze maharagi.

Wenye muko na klabu huko kwenu, munalishaka wageni saa ngapi? Andikeni hapa chini. Na wa kucheka wacheke, lakini waseme kwanza wao ni maprezida wa timu ngapi.

Kwa wenye wataniuliza gharama, nimejumlisha kila kitu, mbuzi, maharagi, mawese, jezi kumi na tano za Chui na transport ya kiti: dola mia tatu themanini na sita, na franka elfu mbili mia tano za dawa ya tumbo ya arbitri.