Maneno Niliyoyameza Mahakamani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hunishinda. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami nikiwa kijana mkalimani wa mahakama hapa Dar es Salaam. Hakimu Mzungu akisema, namgeuzia mshtakiwa kwa Kiswahili. Mshtakiwa akijibu, namrudishia hakimu kwa Kiingereza. Mtaani kwetu Kariakoo hata watu wazima waliniita Bwana Karani. Usinicheke. Ukiitwa hivyo una miaka ishirini na mbili, kichwa huvimba.

Wakati huo serikali iliwarudisha makwao watu walioonekana hawana kazi mjini. Askari wakikukamata, ulitakiwa utoe barua ya mtu anayekujua, iseme unakaa wapi na unafanya nini. Kila jioni barazani tuliibishania sheria hiyo, na neno la mwisho lilikuwa langu.

Jioni moja nikawapelekea habari kwamba mtu kakamatwa bila barua na hakimu kamwachia. "Kwa hiyo barua hazina kazi tena," nikasema, nimekunja nne. Ukweli ni kwamba kesi ile sikuwamo. Alitafsiri mwenzangu, mimi niliyaokota matokeo mlangoni, nikaja nayo mbio.

Shomari, mshona viatu kutoka Rufiji, alipanga chumba kilichopakana na changu, yeye na mkewe Zuhura aliyekuwa mjamzito. Aliniuliza mara mbili.

"Una hakika, Bwana Karani? Barua yangu imechanika, nilitaka kesho nikaombe nyingine."

"Kaka, mimi nashinda mahakamani. Wewe shona viatu vyako."

Hakwenda. Haikupita wiki, akaletwa kizimbani, na zamu ilikuwa yangu. Hakimu akauliza barua iko wapi. Shomari akanitazama, akasema kwa upole, "Bwana mkubwa, huyu karani wako ndiye aliyetuambia hazitakiwi tena."

Hakimu akanigeukia, akisubiri. Mwanangu, nilimwambia mshtakiwa anasema hana barua. Yaliyobaki niliyameza. Niliogopa kibarua changu, na zaidi ya hapo niliogopa aibu.

Shomari hakujua Kiingereza, ila aliona jinsi maneno yangu yalivyokuwa machache. Akainamisha kichwa. Hukumu ikatoka, arudishwe Rufiji. Hiyo nilimtafsiria yote, sikuacha hata neno.

Jioni nilimwendea karani mkuu, mzee wa watu, nikamwomba jalada la ile kesi ya kwanza. Akanisomea. Yule mtu aliachiwa kwa sababu mwenyeji wake alifika mwenyewe, akasimama mbele ya hakimu, akasema namjua.

Mzee akafunga jalada. "Shomari ulikuwa unamjua?"

"Ni jirani yangu, mzee."

"Basi barua yake ilikuwa wewe, na ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka alipokuwa."

Zuhura alijifungua mikononi mwa majirani, mumewe hayupo. Nilibisha hodi mlangoni kwake siku tatu, hakunifungulia, na sikumlaumu. Baadaye alimfuata mumewe Rufiji na mtoto mgongoni. Sikuwaona tena, na msamaha niliotaka kuwaomba ninao mpaka leo.

Siku hizi hukumu ikitoka asubuhi, adhuhuri mmeshaifafanua yote kwenye simu zenu. Sikukatazi kusema. Sheria ni ya kusemwa na kubishaniwa. Ila isome mpaka mwisho, uitafute ile sababu iliyomfanya hakimu aamue hivyo, kwani kuna mtu anakusikiliza ambaye kesho atatoka nyumbani kwake akitegemea ulichosema. Na ukishakosea, kosa lako liseme kwa sauti ileile uliyotumia kujisifu, tena liseme wakati bado linaweza kumwokoa mtu.

Mungu akupe ulimi usioogopa, mwanangu. Akuepushe na uzee wa kusikia kila siku maneno ambayo hukuyasema.