Kiapo cha Shangazi Fransiska

Shangazi yangu Fransiska alikuwa karani wa masijala katika shamba moja la ngano la serikali, chini ya Mlima Hanang, na siri alizitunza mpaka akatuudhi. Siku ya kuajiriwa alikula kiapo, Biblia mkononi. Tangu hapo, hata ukimuuliza meneja kavaa shati gani leo, anakwambia, "Kamuulize meneja." Nilimpenda sana, lakini jamani!

Mwaka wa vita vya Kagera, malori ya ngano yalikuwa yanakwenda kwa askari. Baba yangu, kaka yake mwenyewe, alikuwa huko. Mama alimbembeleza shangazi amwambie tu malori yanaondoka lini, ampelekee mumewe sweta. Shangazi alilia, ila hakusema.

"Adui naye ana masikio, wifi."

Mama alinuna mwezi mzima.

Kisha ikapita mezani kwake barua yenye muhuri wa SIRI. Magunia ya ngano ya mbegu, iliyotiwa dawa ya sumu, yalikuwa yameuzwa kijijini kwetu Nangwa kwa makosa kama ngano ya chakula. Meneja aliagiza lisitamkwe neno: nchi iko vitani, watu wasitiwe hofu. Dawa ile ilikuwa na rangi nyekundu, na kina mama wetu, kwa kupenda usafi, waliiosha ngano mpaka rangi ikatoka, wakadhani yamekwisha.

Shangazi aliisoma barua ile saa nne asubuhi. Saa sita alikuwa kwetu Nangwa, amekuja kwa miguu, khanga imelowa jasho. Akaona maji mekundu yamemwagwa uani. Aliingia bila hodi, akapiga teke sufuria la uji. Bakuli langu lilikuwa tayari mdomoni, nina miaka saba na njaa yangu. Alilipiga kofi likaruka.

Kwetu, kumwaga chakula cha mwenyeji ni kumtakia msiba. Aliyefanya hivyo lazima aeleze sababu mbele ya wote, la sivyo ukoo unamtenga. Mama alipiga yowe, majirani wakajaa, Mzee Sulle, mkubwa wa ukoo, akaitwa papo hapo.

"Shikamoo, mzee," shangazi alisema. "Niliapa nisiseme, na kwa hili nitafungwa. Hii ngano ni ya mbegu, ina sumu. Kuiosha hakusaidii. Msile."

Siku hiyo hiyo punda walibeba magunia yote wakayarudisha kwenye geti la shamba. Jirani yetu Konsolata alikuwa ameshakula siku kadhaa. Mikono yake ilitetemeka mpaka alipokufa.

Shangazi alikaa rumande wiki tatu, akafukuzwa kazi, akarudi kulima maharage. Mama ndiye aliyempelekea chakula rumande, kila siku, na kila siku shangazi alikula mbele yake mpaka bakuli likaisha. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Hawakuhitaji.

Baba alirudi mzima, miaka ikapita, shangazi akazeeka. Siku moja, tunakunywa uji kwake, nikamchokoza.

"Shangazi, vita vimekwisha zamani, na kazi walikufukuza. Hebu niambie, yale malori yalikuwa yanaondoka siku gani?"

Aligeuka akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, ni mbuzi wake tu.

"Kunywa uji wako," akasema.